Mwendo wa Langoni

Makao makuu, ghorofa ya pili
Jumatatu, 4 Machi

Kitinda wangu,

Kazi nimeipata, na yako nimeipata pia, kwa hiyo acha kumsumbua Mama kwa maswali. Wiki hii hii unakwenda mgodini, kitengo cha ulinzi. Nimekusemea kwamba una mikono mikubwa na hukasiriki ovyo. La kwanza kweli, la pili utajitahidi. Simu yako wataichukua siku ya kwanza, wanaogopa wanunuzi wa mawe ya wizi wasiwapigie watu wa ndani. Simu pekee iko mezani kwa mkuu wa walinzi, na sidhani utapenda kunieleza habari za tumbo lako mbele yake. Tutaandikiana. Babu Honi, dereva wa lori la mafuta, amekubali kubeba barua zetu chini ya kiti chake.

Kwenye usaili walionihoji walikuwa watatu, mmoja wao Mkurugenzi. Wawili wana digrii za biashara na tai zinazofanana. Mmoja akaniuliza, "Binti, mtu wa hisabati si anakwenda kufundisha?" Nikamwambia walimu wangu wote waliniambia hivyo hivyo, ndiyo maana nimekimbia. Mkurugenzi akacheka. Kisha akasema mgodi unaibiwa vito kila mwezi, walinzi wanapekua wachimbaji na hawapati kitu, mimi ningefanyaje? Nikauliza wanamchagua vipi wa kumpekua. Akasema, "Wanamwangalia usoni."

Hapo nikamkumbuka Baba. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, hukumbuki alivyorudi kutoka ghalani na shati limeganda damu, jicho la kushoto halipo. Waya ulikuwa umepotea, mlinzi akapitisha macho kwenye mstari wa wapagazi, uso wa Baba haukumpendeza. Alimpiga rungu mpaka jicho likamwagika. Ule waya ulikutwa baadaye nyuma ya mlango. Mimi ndiye niliyemshikia Mama beseni.

Basi nikawaambia nitawatengenezea hesabu isiyojali uso wa mtu. Mchimbaji akitoka shimoni atapita langoni na kupewa alama, sifuri mpaka mia. Hesabu itaangalia ametoka shimo gani, amekaa chini saa ngapi, kama amewahi kukutwa na jiwe, na anachukua muda gani kupita hatua zile chache za langoni, maana nimewaza kwamba mwenye jiwe husitasita. Skrini ikiwa nyekundu anapekuliwa, ikiwa kijani anakwenda zake kuoga. Mkurugenzi alisimama akanipa mkono. Ningependa Baba angekuwepo auone mkono ule.

Dada yako,
Jumlisha


Mgodini
Jumamosi, 16 Machi

Dada Jumlisha,

Shikamoo, na asante kwa kazi. Mabati yanachemka, maji yana ladha ya kutu, kitanda changu kimepakana na banda la mbwa, lakini nimevaa sare na buti jipya na nikijitazama kwenye kioo cha lori nakaribia kujipigia saluti.

Mkuu wetu tunamwita Afande. Mfupi, sauti laini, anachokonoa masikio kwa kijiti cha kiberiti huku anakusikiliza. Ana kipande cha mpira wa maji kilichojazwa mchanga, amekipa jina, anakiita Karani. Anasema ni kwa sababu kinaandika. Nilicheka, nikidhani ni mzaha.

Lango lako limeanza kazi Jumatano. Wa kwanza kupata nyekundu alikuwa kijana wa shimo la mashariki. Tukampekua mifuko, nywele, buti, hakuna kitu. Afande akamwambia afungue mdomo. Akakataa. Karani akamwandika mdomoni, na jiwe likatoka pamoja na meno mawili, dogo kama punje ya mahindi. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya jenereta nikatapika wali wote wa mchana. Usimwambie Mama.

Nimepata rafiki, mchimbaji wa siku nyingi wa shimo hilo hilo la mashariki. Wanamwita Msumari, mwembamba na kichwa kikubwa. Aliniona nahangaika na kamba za buti akachuchumaa akanifunga kama mtoto wa chekechea, akasema, "Mlinzi asiyejua kufunga kiatu atamkimbiza nani?" Kila jioni anapita langoni akipiga mluzi, kijani, anaenda zake.

Mdogo wako,
Kitinda


Makao makuu, ghorofa ya tano
Jumatano, 17 Aprili

Kitinda wangu,

Habari ya meno sikuipenda na nimeifikisha kwa Mkurugenzi, kasema ataongea na Afande. Kazi yenu ni kupekua, si kung'oa. Lakini jiwe lilikutwa! Mtu wa kwanza kabisa kuwekewa nyekundu, na jiwe likakutwa. Nilipoona kwenye kompyuta yangu nilisimama nikapiga makofi peke yangu, mhudumu wa chai akadhani nimechumbiwa.

Umeona ghorofa? Ngoja nikupe siri ya jinsi mtu wa hisabati anavyopanda huku. Mwanzoni nilipeleka kurasa nzima za milinganyo, na hakuna aliyezifungua. Halafu nikapeleka grafu moja, mstari mmoja unaopanda, na sentensi mbili za kuueleza. Sasa hakuna kikao nisichoitwa. Watu wa masoko wanaongea kama wachinjaji, tutawakata koo, tutawamaliza, tutawazika, kumbe wanazungumzia bei tu. Mimi nakaa kimya, mwisho natoa namba moja, na shingo zote zinageuka. Yule wa tai aliyetaka nikafundishe sasa ananiletea kiti.

Nina ombi la kazi. Mkimaliza kumpekua mtu lazima mbonyeze kwenye skrini, Amekutwa au Hakukutwa. Hicho ndicho chakula cha hesabu yangu, inasoma majibu yenu na kujirekebisha. Naona mnabonyeza Hakukutwa mara nyingi mno, hasa kwa watu wa mashariki ambao alama zao ziko juu. Mkurugenzi ameanza kuuliza kama walinzi wanapekua kwa bidii au wanapapasa tu. Mwambie Afande kwamba makao makuu wanaangalia.

Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Dada yako,
Jumlisha


Mgodini
Jumapili, 5 Mei

Dada Jumlisha,

Ujumbe wako nilimfikishia Afande neno kwa neno. Akanisikiliza na kijiti chake sikioni, akakitoa, akakitazama, akasema, "Dada yako mtu wa maana." Tangu siku hiyo Hakukutwa imekwisha hapa. Wasio na jiwe wanakiri wenyewe kwamba walimeza, au walimpa mwenzao. Wanakiri wote.

Na lile ulilolalamikia limesikika. Karani hampigi tena mtu usoni wala mgongoni. Juzi alikuja mkaguzi, akawapanga watu, akawavua mashati, hakuona hata mkwaruzo. Akaandika kwamba hali ni nzuri, akala, akaondoka.

Msumari amepata nyekundu mara mbili. Mluzi ameacha. Kamba za viatu hanifungi tena, siku hizi yeye mwenyewe anavaa kandambili. Nikimsalimia ananiitikia kama unavyomwitikia mtu wa serikali.

Sina jingine. Mikono inaniuma kidogo kwa kazi.

Mdogo wako,
Kitinda


Makao makuu, ghorofa ya tano
Jumanne, 28 Mei

Kitinda wangu,

Mwite dada yako Meneja! Kiti kinazunguka, mlango una jina langu, na yule wa tai sasa yuko chini yangu. Nilimpigia Mama akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahia cheo kusikia kwamba kupiga kumekwisha. Unaona sasa? Mtu akiona namba imemshika, anakiri bila kuguswa. Nimekubali kauli ya kukiri ihesabiwe Amekutwa, sawa na jiwe lililokutwa mkononi, na hesabu imekuwa kali kama wembe. Mkurugenzi amefurahi mno kiasi kwamba ameagiza walinzi nao wawekewe lango lao, kuanzia Julai. Usinune. Ukiwa safi utapita kijani kila siku, na ukiwa si safi nitakuja nikuchape mwenyewe.

Kuna jambo moja linaniwasha. Watu wanaokutwa wameongezeka sana, lakini mawe yanayorudishwa ghalani ni yale yale ya mwezi Machi. Nimepiga hesabu mbele na nyuma, haikai sawa. Nilimgusia Mkurugenzi, akaniambia nisikune pasipowasha. Lakini ndiyo tabia yangu, unanijua. Wewe uko hapo hapo. Kwa nini watu ni wengi na mawe ni machache?

Mama anasema barua zako zimekuwa fupi. Unaumwa?

Jumlisha wako, Meneja


Mgodini
Alhamisi, 13 Juni

Dada,

Umeuliza, nakujibu. Ukimaliza kusoma ichome, au usiichome, mimi sijali tena.

Mawe ni machache kwa sababu hatutafuti mawe. Mtu akiingia na nyekundu tunamlaza kifudifudi kwenye benchi. Mlinzi mmoja anamkalia mgongo, mimi namshika vifundo vya miguu, Afande anampiga kwa Karani kwenye nyayo. Nyayo mkaguzi hazioni, mtu anavaa soksi, biashara imekwisha. Kazi yangu ni vifundo. Nina mikono mikubwa, ulinisemea mwenyewe. Aliyepigwa nyayo hapigi kelele papo hapo, kwanza anavuta pumzi ndani kama anataka kupiga chafya, halafu ndiyo sauti inatoka. Mpaka pigo la kumi kila mtu amemeza jiwe. Wengine wamemeza mawe ambayo hayajawahi kuchimbwa hapa. Wewe umesema namba imewashika.

Jana ilikuwa zamu ya Msumari tena, mara ya nne. Alama tisini na moja. Alipita langoni ameshikilia bomba la kando ya njia, mguu mmoja mmoja, na niliona midomo yake imejikunja kutafuta mluzi, haukutoka. Hakusubiri kulazwa, alilala mwenyewe. Akaniambia, "Kijana, shika vizuri, nisije nikakupiga teke bila kukusudia."

Afande akamuuliza jiwe liko wapi. Msumari akasema, "Kamuulize mama yako." Sijawahi kumsikia akitukana. Afande akamweka Karani chini taratibu, akaenda kwenye kona, akarudi na mpini wa sururu. La kwanza lilikuwa kiunoni. La pili kisogoni, na likatoa sauti ambayo bado iko masikioni mwangu ninavyoandika. Vifundo vilitetemeka mikononi mwangu kama samaki, kisha vikaacha. Mimi niliendelea kushika. Hakuna aliyeniambia niachie.

Skrini ya ukutani ikawa inauliza, Amekutwa au Hakukutwa. Afande akaniambia, "Bonyeza." Nikasema, "Afande, mtu amekufa." Akasema, "Sijakuuliza hali yake." Nikabonyeza Amekutwa. Tukamshusha shimoni, wenzangu wakamwangushia mwamba, na imeandikwa kwamba mwamba ulimwangukia.

Nilimuuliza Afande kwa nini ni Msumari kila mara, mtu ambaye hata sigara haombi. Akacheka. "Hilo kamuulize dada yako."

Nakuuliza.

Kitinda


Makao makuu
Ijumaa, 21 Juni

Kitinda wangu,

Nakuandikia kutoka chooni. Ghorofa nzima ni kuta za vioo, hiki ndicho chumba pekee chenye kitasa.

Nimemtafuta Msumari kwenye takwimu zangu. Siku za mwanzo alipita langoni kwa sekunde nne. Nyekundu yake ya kwanza haikuwa na maana yoyote, ilitokana na shimo la mashariki tu, kwa kuwa jiwe la kwanza lilikutwa kwa mtu wa huko. Mkampiga nyayo. Kesho yake alipita kwa sekunde tisa. Hesabu ikasema, huyu anasitasita, ana kitu. Nyekundu. Mkampiga tena, akawa wa sekunde kumi na nne. Nimewaangalia wengine, wote ni hivyo hivyo. Mliyempiga anachechemea, anayechechemea anachelewa, na anayechelewa hesabu inamwita mwizi. Akikiri, inaamini kwamba imepata. Kila mlipobonyeza iliongeza uhakika. Kigezo cha mwendo nilikiandika mimi, peke yangu, na nilijisifu nacho kwenye usaili. Nilitaka kuzuia rungu lililomtoa Baba jicho, nami nimelitengenezea macho.

Nilimpelekea Mkurugenzi grafu. Mistari miwili safari hii, kipigo na mwendo. Aliitazama muda mrefu, ameielewa, usidhani hakuielewa. Akaniuliza, "Nani mwingine ameiona?" Nikasema hakuna. Ndipo akaniambia kampuni nyingine zinautaka mfumo wetu, mashamba, bandari, maghala. Maghala, Kitinda. Anafungua kampuni mpya ya kuuza hesabu hii na anataka mimi niwe mkuu wake. Nikamwambia mtu ameuawa. Akainuka akanishika kiwiko, akakibana kwenye mfupa mpaka machozi yakanitoka, huku anatabasamu kwa sababu ya vile vioo, watu wa masoko wakapita wakatupungia mkono. "Meneja," akasema, "umechoka. Chukua wiki moja ufikirie." Nimevaa nguo za mikono mirefu tangu siku hiyo.

Sitaki unione bora kuliko nilivyo. Niliposhuka na lifti, kabla haijafika chini, nilikuwa nawaza kadi yangu mpya itaandikwaje. Nilitamani. Mpaka sasa nikifumba macho naiona.

Asubuhi iliyofuata neno langu la siri halikufungua chochote. Hesabu yangu siwezi kuigusa tena. Kilichobaki ni miguu. Waambie wachimbaji wote, wajikaze, waume meno, hatua zile chache wasichechemee. Chini ya sekunde sita. Na lango la walinzi linaanza Jumatatu tarehe mosi. Kwako wewe sina hofu, una miguu ya farasi tangu utotoni, lakini hata kamba ya buti usisimame kuifunga.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, pita haraka hivyo hivyo.

Dada yako


Mgodini
Jumatatu, 1 Julai

Dada Jumlisha,

Barua yako niliisoma nimeegemea ukuta. Goti la kulia halikunjiki. Siku ya Msumari nilichelewa kubonyeza, na Afande akanipiga kwa mpini ule ule. Sikukuandikia, niliona tayari una mengi. Kwa hiyo miguu ya farasi isahau.

Jana mchana niliingia bwenini kwa wachimbaji bila mbwa. Mmoja ambaye nimemshika vifundo mara mbili, Fundi wa Pampu wanamwita, akanitemea mate usoni. Yalishuka mpaka shingoni, sikuyafuta. Nikawaambia yote, sekunde, miguu, wewe. Nikasema lango linatazama mwendo, wapite haraka. Mzee mmoja akainua miguu yake akaniwekea mapajani, imevimba na imepasuka, akasema, "Haya, ikimbize." Wengine walitaka kunimaliza hapo hapo. Ndipo Fundi wa Pampu akasema, "Hawa hawawezi kwenda haraka. Sisi wazima tunaweza kwenda polepole."

Leo saa kumi zamu zote zikatoka. Dada, ungeona. Vijana wenye miguu kama nguzo wanapita langoni wakijivuta kama bibi zao. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Mashimo yote, hata la magharibi ambalo halijawahi kupekuliwa. Chumba cha upekuzi hakichukui hata watu kumi, na uwanja ukajaa mamia wenye nyekundu, kimya, wanasubiri zamu zao kwa adabu. Afande akawa anapiga skrini kofi. Kisha nikapita lango la walinzi nikiburuta goti, nami nikawa mwekundu. Afande akaniangalia, akafurahi kupata mtu anayemjua. "Wewe, ingia." Nikaingia, na wao wakaingia nyuma yangu.

Sitakueleza yote. Mbwa waliuawa kwa sururu. Walinzi watatu walipanda juu ya jenereta, wakavutwa kwa miguu, sikuwaona tena. Walinzi wa mnarani wakafyatua risasi, watu wa mbele wakaanguka na wa nyuma wakawakanyaga kwa sababu hawakuwa na pa kukanyaga pengine. Fundi wa Pampu alipigwa shingoni. Alikaa chini akaiziba kwa viganja vyote viwili, akanitazama, damu ikapita katikati ya vidole. Mate yake nilikuwa bado sijayaosha vizuri.

Wachimbaji walipomiminikia tena uwanjani, nilifunga mlango wa chumba kwa ndani. Tulibaki mimi na Afande. Nikamwokota Karani.

Sikumpiga nyayo. Nilimpiga usoni, kwa kuwa uso wake haukunipendeza. Alikiri. Alikiri jiwe ambalo halipo, alimtaja mkaguzi, alimtaja mama yake mzazi, aliniita kwa jina langu la kuzaliwa ambalo sikujua kama analijua. Mimi sikuwa nimemuuliza kitu. Jicho la kushoto likamwagika, likanilowesha vidole, nikaendelea. Maisha yangu yote nimejiuliza yule mlinzi wa ghalani alikuwa na chuki gani na Baba. Sasa najua. Hakuwa na chuki. Alikuwa amechoka, na alitaka mtu mmoja tu amwambie ndiyo.

Anapumua bado, kwa mdomo. Nje risasi zimepungua. Babu Honi yuko dirishani, lori linaunguruma, ananiambia nipande. Nimemwambia asubiri barua tu. Goti halitapanda lori, na mimi nikipanda nitamwachia nani mambo haya?

Skrini bado inawaka. Namba ya mwisho kuingia humu ni yangu. Inauliza, Amekutwa au Hakukutwa.

Nibonyeze nini, Dada?

Kitinda wako


Nyumbani kwa Mama
Jumatatu, 8 Julai

Kitinda wangu,

Hii inakuja kwa mkono wa Mama, maana huko mahabusu wanamruhusu yeye tu. Mimi nimekatazwa kutoka mjini, na ninaripoti kituoni kila asubuhi.

Afande hakufa. Kampuni imetangaza kwamba mlinzi mmoja alirukwa na akili akawachochea wachimbaji, na kwamba lango litafunguliwa tena likishatengenezwa. Ile kampuni mpya amepewa yule wa tai. Waliokufa wameandikwa wote kuwa walikanyagana.

Wapelelezi walikuja hapa nyumbani. Neno la siri walilifunga, lakini grafu ya kipigo na mwendo ilikuwa kwenye kompyuta yangu mwenyewe, pamoja na kila mtu aliyepita langoni tangu Machi. Bila hiyo, Msumari ameangukiwa na mwamba na wenzake ni wezi. Lakini kila ilipobonyezwa Amekutwa, namba ya mlinzi aliyebonyeza iko pembeni. Siku ya Msumari, namba ni yako.

Mama alipiga magoti sakafuni. Alinishika miguu, Kitinda, mama aliyenizaa, akasema jicho moja limetosha katika nyumba hii, nisimpeleke na mtoto. Akasema niwaambie kompyuta iliharibika. Nilimwinua, akanipiga kofi, nikamwinua tena. Kisha nikawapa wapelelezi yote. Namba yako imo, na mwanzoni kabisa limo jina langu, kama mtengenezaji. Tangu siku hiyo Mama hasemi nami. Barua hii ameipokea akitazama ukuta, lakini ameipokea.

Uliniuliza ubonyeze nini. Nimekesha na swali lako wiki nzima. Nilikuwekea vitufe viwili tu, na nilikuwa na nafasi ya kuweka zaidi. Hukuwa na cha kubonyeza. Hilo nitalisema mahakamani hata kama hawataniuliza, na nitalisema kwa sentensi mbili, nimeshajifunza.

Wakikutoa kwenda kusomewa mashtaka, kuna uwanja wa kuvuka kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Watakuharakisha, watakusukuma. Usiume meno. Tembea vile goti linavyotaka, chechemea, simama njiani ukichoka. Nitakuwa nimesimama pale mlangoni, na sina saa mkononi.

Dada yako,
Jumlisha